Kabla ya Kuipandisha Probox Juu ya Chasisi ya Rimoti

Katika gari la rimoti, bodi ndiyo hufa kwanza. Boneti hupasuka kwa kugonga ukingo wa veranda, bampa hubaki njiani, tundu za skrubu hutanuka mpaka bodi ikawa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Ukiligeuza gari lenyewe juu chini, utakuta mota inazunguka, giya zinashikana na tairi bado zina meno. Mwenye gari la namna hiyo hapa Eldoret ana njia tatu: alitupe, aagize bodi nyingine kutoka ng'ambo, au aiunde mwenyewe. Nawaandikia wa njia ya tatu, hasa wale waliochoka na sura ya Lamborghini iliyokuja na katoni na wanataka gari wanalolijua: Probox ya kwenda Iten, matatu ya Langas, au Subaru ya enzi za Safari Rally. Nina jambo moja la kuwaambia, na mengine yote yanatokana nalo. Bodi ni mzigo. Anayeichukulia kama nguo, kwamba kazi ni kuvua hii na kuvalisha ile, atamaliza na gari zuri la kuweka juu ya kabati la televisheni, ambalo likitoka nje linapinduka kwenye kona ya kwanza.

Ushahidi wa kwanza uko stendi. Mabasi mengi tunayopanda hayakuanza maisha yakiwa mabasi. Yalianza kama chasisi za lori, Isuzu au Fuso kwa mfano, kisha mnunuzi akaipeleka chasisi kwa waunda bodi, nao wakaisimamishia fremu ya vyuma, wakaipigia mabati, wakatia viti na madirisha. Kazi hiyo ina kiwango chake cha taifa, KS 372, kilichotolewa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, na fundi anayeijua hazungumzi na mteja habari za rangi na michoro kabla hajajua ekseli ya nyuma inabeba kiasi gani. Chasisi ndiyo inayoamua idadi ya viti, urefu wa mkia unaoning'inia nyuma ya gurudumu la nyuma, na kimo cha paa. Mteja akitaka viti zaidi ya vile ambavyo chasisi inakubali, fundi mwaminifu humwambia akanunue chasisi nyingine. Anayeunda bodi ya gari la rimoti anafanya kazi hiyohiyo mezani, ila hana mkaguzi wa kumsimamisha, kwa hiyo inambidi awe mkaguzi wake mwenyewe.

Basi anza na rula. Kipimo cha kwanza, na ambacho hakina msamaha, ni umbali wa ekseli kwa ekseli: kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma, upande mmoja. Chasisi nyingi za lami za kipimo cha 1:10, Tamiya TT-02 ikiwa mfano unaojulikana sana, zina milimita 257. Sasa chukua magari ya barabarani uyagawe kwa kumi. Probox ina milimita 2,550 kati ya ekseli zake, yaani 255 kwa kipimo hicho. Tofauti ya milimita mbili hakuna jicho litakaloiona. Toyota HiAce, ile ya kizazi cha H200 ya kawaida, ina 2,570, yaani 257 kamili, utadhani chasisi ilichongwa kwa ajili yake. Subaru Impreza ya kizazi cha kwanza, ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari Rally ya mwaka 1997, ina 2,520. Hizo zote zinakubali. Pijo 504 saluni ina 2,740, na ile ndefu ya stesheni 2,900, kwa hiyo hapo umekosa karibu sentimita mbili au zaidi ya tatu. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na tena 1973, ina 2,305 tu. Juu ya chasisi ya 257 itaonekana kama imevutwa masikio. Land Cruiser ya pikapu, ile ya 79 ambayo polisi na wakulima wote wanaipenda, ina 3,180, na hiyo ni mali ya chasisi za kupanda mawe kama Axial SCX10 II yenye milimita 313 au Traxxas TRX-4 yenye 324.

Kama chasisi yako ni ya gari la kuchezea lisilo na jina wala kipimo kinachoeleweka, geuza hesabu. Pima ekseli kwa ekseli, kisha gawanya kipimo cha gari halisi kwa hicho ulichopata. Chasisi ya milimita 170 ikipewa Probox, 2,550 gawanya kwa 170 ni 15, basi gari lako ni la 1:15, na kila kipimo kingine cha Probox utakigawanya kwa 15 hicho hicho: upana wa 1,690 unakuwa 113, na urefu wa karibu 4,200 unakuwa 280. Watu huanza na urefu wa jumla, bampa kwa bampa, kwa sababu ndio wanaouona. Ni kosa. Bampa unaweza kuisogeza milimita tano mbele na mtu asijue, lakini gurudumu lisilokaa katikati ya tao lake linaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja, na linasugua.

Upana ndio unaosumbua, na hapa hapana budi kukaa kidogo. Probox ya 1:10 inatakiwa iwe na milimita 169. Chasisi ya lami, tairi nje kwa nje, ina kama 185. Maana yake ukitengeneza bodi kwa uaminifu wa fundi cherehani, tairi zitatokeza milimita nane kila upande. Mtu anaweza kusema: basi tukuze bodi yote ili ifikie 185. Jaribu hesabu uone. Ukigawanya 1,690 kwa 185 unapata kipimo cha karibu 1:9.1, na kwa kipimo hicho ekseli za Probox zinahitaji milimita 279. Umeziba tundu moja ukafungua jingine. Magari tunayoyajua hapa ni membamba kwa sababu Wajapani wengi huyaunda yasizidi mita 1.7 upana, ambao ndio mpaka wa daraja la magari madogo kwao, wakati chasisi ya rimoti imetanuliwa makusudi ili isipinduke. Vitu hivi viwili havitapatana kamwe, na kazi ya fundi ni kuamua uongo uwekwe wapi.

Mimi nauweka chini ya madirisha. Jicho la mtu hutambua gari kwa kibanda chake: mteremko wa kioo cha mbele, upana wa paa, nguzo kati ya milango. Kibanda cha Probox kikiwa na upana wake wa haki, sehemu ya chini inaweza kuvimba milimita nane kila upande kwenye madigadi na mtazamaji akadhani ni Probox iliyotayarishwa kwa mashindano. Wahandisi wa rali walifanya hivyo hivyo kwa gari halisi: Impreza ya mwaka 1997 ilivimbishwa madigadi kutoka 1,690 hadi 1,770 ili ikubali ekseli pana. Njia nyingine ni kubadilisha rimu ili tairi ziingie ndani. Kama vitovu vya magurudumu ni vile vya pembe sita vya milimita 12, rimu za namna nyingi zitaingia, na zile zenye tumbo la ndani zaidi zitakurudishia milimita kadhaa. Lakini zungusha gurudumu kwa mkono, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kulia na kushoto, kabla ya kushangilia. Rimu iliyoingia sana hugonga mkono wa usukani, na gari linabaki likikata kona upande mmoja tu.

Wapo watakaouliza kwa nini tusirefushe au kufupisha chasisi yenyewe badala ya kubembeleza bodi. Kwa chasisi za ngazi, zile za magari ya kupanda mawe zenye reli mbili za chuma, hoja yao ina uzito: unatoboa tundu mpya, unasogeza ekseli, unatafuta shafti ya urefu mwingine. Chasisi ya plastiki ya kipande kimoja ni habari nyingine. Ukiikata katikati umekata mahali panapobeba betri na kupokea kila kishindo, na gundi yoyote utakayoipaka hapo itaachia siku gari litakaporuka tuta. Badilisha gari unalotaka kuliiga kabla ya kubadilisha chasisi.

Sasa uzani, ambao ndio kiini cha yote. Bodi ya Probox kwa 1:10, ukijumlisha pande mbili, paa, mbele na nyuma bila kutoa madirisha, inakula takriban robo tatu ya ukurasa wa gazeti uliofunguliwa, tuseme mita 0.2 za mraba. Plastiki ya polikaboneti ya milimita 0.75, ile ambayo bodi za viwandani hutengenezwa nayo, ina gramu 900 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bodi nzima haizidi gramu 180. Ubao wa plastiki wenye povu ndani, ule mweupe wa milimita tatu wanaoutumia watengeneza mabango, utakuja kama gramu 330. Plaiwudi ya milimita tatu, gramu 360 au zaidi kidogo. Nayo hapa mjini haihitaji kutafutwa mbali, maana Raiply inaitengeneza Eldoret hii hii. Bati la milimita 0.4, gramu 630 kabla hujapiga lehemu. Chasisi yenyewe, ikiwa na betri, huwa na kilo moja na robo hadi moja na nusu. Kwa hiyo anayechagua bati anaipa mota nusu ya gari jingine aibebe.

Ingekuwa ni kubeba tu, tungesema mota itavumilia. Ubaya ni mahali mzigo unapokaa. Betri na mota ziko chini, karibu na ardhi, na kitovu cha uzito cha chasisi tupu kiko milimita kama 35 juu ya lami. Bodi iko juu, kitovu chake kwa Probox ni kama milimita 100, na kwa HiAce, ambayo paa lake kwa 1:10 linafika karibu sentimita 20, ni 120. Chukua chasisi ya gramu 1,300 uipandishie HiAce ya polikaboneti: kitovu cha gari zima kinafika milimita 49 hivi. Ipandishie HiAce ya bati, ambayo itakuwa na gramu 880: kinafika 69, karibu mara mbili ya pale kilipoanzia. Hayo ni makadirio, kila gari lina yake, lakini yanaonyesha ni kwa nini matatu nyingi za rimoti zilizotengenezwa kwa mapenzi makubwa hulala ubavu zikipewa kona. Chasisi ilikuwa nzuri na dereva hakukosea. Tatizo liko paani.

Kuna jaribio moja lisilohitaji hesabu. Weka gari juu ya ubao wenye msasa uliobandikwa, magurudumu yakiwa sambamba na ukingo wa ubao, weka simu yenye programu ya kupima mwinuko juu ya ubao huo huo, kisha inua upande mmoja polepole. Tia mto upande wa pili. Angalia nyuzi ngapi zinasomeka wakati tairi za juu zinapoachia ubao. Mpira mzuri kwenye lami kavu hushika kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe, na hiyo ni sawa na mwinuko wa nyuzi 45. Gari linaloanguka kabla ya 45 litapinduka kwenye lami kabla halijateleza. Linalovuka 55 litateleza kwanza, na kuteleza kunaweza kurekebishwa na kidole kwenye rimoti. Kwenye murram, ambapo tairi hushika kidogo, kiwango kinashuka, lakini murram ina mawe na mifereji ya tairi, na vitu hivyo hufanya kazi ya mguu wa kumtega mtu. Fanya jaribio hili bodi ikiwa bado haijapakwa rangi, ili moyo usikuume kuikata.

Najua hoja inayokuja. Bati ni jadi. Watoto wa nchi hii wameunda magari ya waya na madebe ya mafuta ya kupikia tangu kabla wazazi wao hawajazaliwa, na vibanda vya jua kali vimejaa mikono inayolijua bati kuliko plastiki. Yote kweli, na gari la waya linalosukumwa kwa fimbo halihitaji kuhesabu gramu. La rimoti linahitaji, na pia linahitaji kusikia. Rimoti za siku hizi hutumia mawimbi ya gigahetsi 2.4, ambayo chuma huyazuia. Ukikifunika kipokezi kwa sanduku la bati, umekiziba masikio, na gari litakatika mawasiliano mbali kidogo tu na wewe, pengine likiwa linaelekea mtaroni. Anayeng'ang'ania bati alitumie kwa vipande: grili, bampa, ngazi ya nyuma. Halafu aupitishe waya wa antena ndani ya mrija wa plastiki, ncha yake itokeze nje ya chuma chochote. Magari ya zamani ya kuchezea yanayotumia megahetsi 27 yana waya mrefu zaidi, na huo usikatwe kwa sababu ya kupendeza.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni ubao wa mabango kwa pande, mbele na nyuma, na plastiki nyembamba zaidi utakayoipata kwa paa. Kila gramu iliyoko juu inadhuru kuliko gramu iliyoko chini, kwa hiyo paa liwe jepesi kuliko yote, kisha nguzo za madirisha, kisha milango; sehemu ya chini ya milango na bampa zinaweza kuwa nzito bila kuleta shida. Ubao huo unakunjika kwa joto la nyuzi kama 80. Maji yanayochemka Eldoret, kwa sababu tuko juu ya mita 2,000, hayafiki 100; huishia 93 hivi, lakini hata hizo zinatosha kulainisha ukanda wa ubao ili upate mviringo wa boneti juu ya chupa. Polikaboneti haisikii maji ya moto. Hiyo hulainika karibu na nyuzi 150, kwa hiyo ikate kwa kisu chenye ncha kali, kwaruza mstari mara mbili tatu, kisha uivunje kwa kuikunja. Kabla ya kukata chochote cha kulipiwa, tengeneza bodi nzima kwa katoni na tepu. Katoni itakuonyesha kwamba nguzo ya betri inagonga boneti, au kwamba shoki za mbele ni ndefu kuliko unavyodhani, na kosa hilo litakuwa limekugharimu katoni tu.

Tao la gurudumu ndilo linalotofautisha fundi na mpapasaji. Pandisha bodi ya katoni au ya ubao mahali pake, hakikisha pande zote ziko kimo kimoja, tia alama pale ekseli inapoangukia. Kama tairi ina kipenyo cha milimita 64, nusu yake ni 32. Tumia bikari ukachore duara lenye nusu kipenyo cha 35 tu, ukate. Ni dogo mno, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa paka tairi unga wa chaki, ukate usukani mpaka mwisho, bonyeza kona ya gari chini mpaka springi ifunge kabisa, zungusha gurudumu kwa kidole. Nyanyua bodi uitazame kwa ndani: chaki imeandika mahali panaposugua. Sugua hapo kwa msasa uliozungushiwa kijiti, rudisha, paka chaki tena. Tao la mbele litaishia likiwa limepanuka zaidi upande wa nyuma, kwenye ukingo wa mlango, kuliko upande wa bampa, au kinyume chake, kulingana na namna usukani wa chasisi hiyo unavyokata. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia picha ya gari. La nyuma, ambalo halikati kona, linaweza kubaki dogo na kulibana gurudumu vizuri, na HiAce hasa hupendeza hivyo.

Kufunga bodi kwenye chasisi watu hukufanya mwisho, wakiwa wamechoka, na huonekana. Chasisi za mchezo zina nguzo nne za plastiki zenye matundu ya pini. Za kuchezea huwa na skrubu zinazoingia kutoka chini. Kama ni nguzo, paka ncha zake rangi ya mdomo, shusha bodi taratibu mpaka iguse, nyanyua: alama nne ziko ndani ya bodi. Toboa tundu dogo kwanza, lipanue kidogo kidogo mpaka nguzo ipite bila kubanwa, kisha izungushie tepu imara kwa ndani ili nyufa zisianzie hapo. Bodi ikae huru kidogo, iweze kucheza milimita moja au mbili, kwa sababu bodi iliyokazwa kabisa huzuia chasisi kujipinda na hupokea kila kishindo cha ukuta. Kama chasisi haina nguzo, unda mabano manne ya plastiki yafungwe kwenye tundu za skrubu za zamani. Usigundishe. Betri za lithiamu zinatakiwa kutolewa garini wakati wa kuchaji na kukaguliwa baada ya kila ajali, na betri iliyovimba au kutobolewa na ncha ya skrubu inaweza kuwaka moto. Bodi ambayo haitoki kwa nusu dakika itakufanya uruke ukaguzi huo. Hakikisha pia hakuna skrubu ya bodi inayoelekea kwenye kitanda cha betri.

Joto tunalisahau kwa sababu mji wetu una baridi. Hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano, na hewa nyepesi inachukua joto kidogo kutoka kwenye mota. Bodi ya zamani ilikuja na matundu yake. Mpya umeifunga pande zote kwa sababu Probox halisi imefungwa. Acha grili ya mbele iwe tundu la kweli, na upande wa nyuma, nyuma ya bampa, acha njia ya kutokea iliyo pana kuliko ya kuingilia. Baada ya dakika tano za kwanza, toa bodi uguse kasha la mota. Kama kidole hakiwezi kukaa hapo kwa sekunde tatu, uzani umezidi au hewa haitoshi, na kuongeza kasi kutaua giya kwanza, mota baadaye. Tope la msimu wa mvua lina kesi yake pia. Hujikusanya ndani ya madigadi na kukauka huko, likiongeza gramu ulizohangaika kuzitoa, na plaiwudi isiyopakwa vanishi kwenye kingo zake zilizokatwa itakunywa maji na kufumuka tabaka kwa tabaka.

Kuna wanaosema haya yote ni kujitesa, bodi za viwandani zipo, ziagizwe. Kwa anayeshindana nakubaliana nao moja kwa moja: polikaboneti iliyofinyangwa kiwandani ni nyepesi, inapigwa ikarudi, na hakuna ubao wa bango utakaoishinda. Lakini sura zake ni za magari ya mbio ya Ulaya, Japani na Marekani, na anayetaka kuona matatu ya Huruma ikipita mbele ya mlango wake atasubiri sana. Wengine huleta mashine ya kuchapa plastiki. Ukuta wa milimita mbili wa plastiki ya PLA una kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, mzito kuliko plaiwudi, na plastiki hiyo huanza kulegea karibu na nyuzi 60, joto ambalo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani linaweza kulifikia. Ichapeni vioo vya pembeni, taa na grili, muache kuta. Na kwa yule anayesema ni kitu cha kuchezea tu, hesabu isiwe ndefu: gari la bei rahisi ndilo lenye mota dhaifu na giya za plastiki, kwa hiyo ndilo linaloumizwa zaidi na bodi nzito. Mashine ya bei ghali ingesamehe.

Rangi nayo ina uzani. Polikaboneti hupakwa kwa ndani, kwa rangi inayonyumbuka iliyotengenezwa kwa ajili yake, baada ya kuoshwa na sabuni ya vyombo ili mafuta ya kiwandani yatoke. Rangi ya kawaida ya kupuliza hubanduka bodi ikipigwa. Ubao na plaiwudi hupakwa nje, koti mbili nyembamba juu ya praima, na hapo ndipo wengi huongeza la tatu na la nne kwa kutafuta mng'aro. Ule mstari wa manjano ambao matatu zilitakiwa kuvaa tangu masharti ya waziri John Michuki yaanze kutekelezwa mwaka 2004 haufai kupakwa kabisa: chukua tepu ya umeme ya manjano, ikate kwa rula hadi milimita 15, uivute ikiwa imenyooka kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Ukimaliza, weka bodi kwenye mizani ya jikoni. Ikizidi robo ya uzani wa chasisi yenye betri, kitu kitoke, na kianze kutoka paani. Kama roho bado inataka kerea juu ya Probox, iundwe kwa waya mwembamba wa simu, na magunia ya mahindi yawe ya sponji.